Mto Unaotiririka Kuelekea Baridi: Jiografia ya Mto Mackenzie

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, kila wanapofunua atlasi penye ramani ya Amerika ya Kaskazini, huuliza swali moja: "Huu mto Mackenzie unawezaje kupanda juu?" Huuliza hivyo kwa sababu katika ramani kaskazini huwekwa juu na kusini huwekwa chini, na mto huu unaonekana kuanza katikati ya ukurasa na kupanda mpaka Bahari ya Aktiki.

Jibu la kwanza ni fupi. Juu ya karatasi si juu ya nchi. Maji hayafuati ramani, hufuata mteremko. Ziwa Great Slave, ambamo mto huu hutoka, liko kiasi cha mita 156 juu ya usawa wa bahari. Kutoka ziwani mpaka baharini mto husafiri kilomita 1,738. Mwenye kalamu na agawanye, ataona kwamba mto huteremka kwa wastani wa sentimita 9 tu katika kila kilomita. Mteremko huo ni mdogo, lakini ni mteremko, na maji hayahitaji zaidi.

Hata hivyo swali lile si la kuchekwa, kwa kuwa lina jibu la pili lenye maana kubwa zaidi. Mto ukielekea kaskazini katika nchi za baridi, hutoka penye baridi kidogo ukaenda penye baridi nyingi. Majira ya baridi yakiisha, barafu huanza kuyeyuka upande wa vyanzo, hali upande wa bahari ungali umefungwa. Ni kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyuma, akakimbia, akakuta mlango wa mbele una kufuli. Katika makala haya nataka kuonyesha jinsi jambo hilo moja linavyotawala mto mzima: mafuriko yake, delta yake, na hata mahali watu wanapojenga nyumba zao.

JINA NA MAHALI

Mto Mackenzie uko Kanada, na sehemu yake yote kuu imo katika jimbo la kaskazini liitwalo Northwest Territories. Ndio mto mrefu kuliko yote ya Kanada. Tukiuhesabu pamoja na mito inayouanzisha, yaani Finlay, Peace na Slave, urefu wake hufika kilomita 4,241. Bonde lake lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 1.8, karibu mara mbili ya nchi yetu ya Tanzania. Lakini watu ni wachache mno. Northwest Territories yote ina watu wapatao 45,000 tu.

Wenyeji wa kwanza walikuwa na majina yao kabla mgeni yeyote hajafika. Wadene wauita Dehcho, na Wainuvialuit wa pwani wauita Kuukpak. Lugha hizo mbili hazina undugu, lakini maana ya majina yote mawili ni Mto Mkubwa.

Jina la Mackenzie ni la Alexander Mackenzie, Mskochi aliyefanya biashara ya ngozi za manyoya. Tarehe 3 Juni 1789 aliondoka Fort Chipewyan kwa mitumbwi ya magome ya miti, akitumaini kwamba mto ungemfikisha Bahari ya Pasifiki. Hakwenda peke yake, kwani Wadene ndio waliomwonyesha njia na kumwindia nyama. Alipofika Ziwa Great Slave alikuta barafu bado imelala juu ya maji, ingawa mwezi ulikuwa Juni, akacheleweshwa. Katikati ya Julai alifika mwisho wa mto. Hapo maji ya bahari yalijaa usiku yakailowesha mizigo yao, na waliwaona nyangumi weupe. Akafahamu kwamba hii ilikuwa bahari ya kaskazini na si Pasifiki. Alirudi Fort Chipewyan tarehe 12 Septemba, baada ya siku 102.

SAFARI YA MAJI

Ziwa Great Slave ndilo lenye kina kikubwa kuliko maziwa yote ya Amerika ya Kaskazini, mita 614. Ziwa kubwa namna hiyo hufanya kazi mbili. Kwanza, huyachuja maji, kwa sababu tope lote la mito ya kusini hutua chini ya ziwa, na maji yanayotoka huwa safi. Pili, huweka baridi kwa muda mrefu, na barafu yake hukawia kuondoka.

Mto ukisha kutoka ziwani huelekea magharibi. Katika kijiji cha Fort Simpson hupokea mto Liard unaotoka katika milima. Liard ni mto wa tabia nyingine kabisa: una mbio, una tope, na huyeyuka mapema. Mito hiyo miwili ikikutana haichanganyiki mara moja. Kwa masafa marefu maji safi ya ziwani na maji ya hudhurungi ya Liard huenda sambamba katika mto mmoja, kila mmoja upande wake.

Baadaye milima huuzuia mto usiendelee magharibi, nao hugeuka kuelekea kaskazini. Katika kijiji cha Tulita huingia mto Great Bear, wenye maji safi ya Ziwa Great Bear, ziwa kubwa kuliko yote yaliyomo ndani ya mipaka ya Kanada peke yake. Jina Tulita katika lugha ya Wadene lina maana ya mahali maji yanapokutana. Mto huendelea mpaka uvuke Duara ya Aktiki, kisha hugawanyika katika delta na kumwagika baharini. Kwa wastani humwaga kiasi cha mita za ujazo 10,000 katika kila sekunde. Tope linalofika huko hupita tani milioni 100 kwa mwaka, na hakuna mto mwingine uipatiao Bahari ya Aktiki tope jingi kiasi hicho.

MAJIRA YA BARAFU

Tangu karibu mwezi wa Oktoba au Novemba mpaka Mei mto huwa umefunikwa na barafu yenye unene wa mita moja au zaidi. Hapa yafaa tukumbuke somo la Fizikia. Vitu vingi vikipoa hujikunyata na kuwa vizito zaidi, lakini maji yakiganda hutanuka na kuwa mepesi. Ndiyo maana barafu huelea. Lau ingezama, mto ungeganda kuanzia chini na samaki wote wangekufa. Kwa kuwa huelea, huwa kama blanketi, na chini yake maji huendelea kutembea na samaki huendelea kuishi.

Barafu hiyo ni barabara pia. Katika mto mzima wa Mackenzie kuna daraja moja tu, la karibu na Fort Providence, lililofunguliwa mwaka 2012. Penginepo magari huvuka kwa kivuko wakati wa kiangazi na juu ya barafu wakati wa baridi. Taabu hutokea katikati ya majira hayo mawili, barafu ikiwa dhaifu mno kubeba lori lakini ingali nzito mno kupisha kivuko. Kwa majuma kadhaa hakuna wa kuvuka.

BARAFU INAPOVUNJIKA

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Mwezi wa Aprili na Mei jua huzidi nguvu, na theluji ya milimani huyeyuka. Maji hushuka kwa mto Liard na kuingia Mackenzie pale Fort Simpson. Huko mto mkuu bado umefungwa. Maji yanayokuja huinyanyua barafu kutoka chini, ikapasuka kwa kishindo, na vipande vikubwa kama nyumba huanza kusafiri.

Havisafiri mbali bila kuzuiwa. Mbele, upande wa kaskazini, barafu bado ni nzima na ngumu. Vipande vinavyokuja huigonga, hupandana, hujikusanya penye kona au visiwa, na kufanya boma kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Maji hayana pa kupita. Huinuka mita kadhaa kwa muda mfupi, wakati mwingine kwa saa chache tu, na kuifunika nchi. Kisha boma huvunjika ghafula, maji huporomoka kwa nguvu, na mchezo huo huo huanza tena mbele zaidi. Kwa kawaida barafu huvunjika Fort Simpson katika nusu ya kwanza ya Mei, lakini katika delta hungoja mpaka mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni.

Msomaji na atazame tofauti iliyopo. Sisi tumezoea kwamba mafuriko ni mvua: mvua ikizidi mto hufurika. Huko Mackenzie mto waweza kufurika chini ya mbingu safi yenye jua. Kinachoinua maji si wingi wake peke yake, bali ni kizuizi kilicho mbele yake. Miaka mingine jua huiozesha barafu polepole kabla maji mengi hayajafika, nayo huondoka kwa amani. Miaka mingine maji hutangulia na barafu ingali ngumu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mnamo Mei 2021 Fort Simpson, kijiji cha watu wapatao 1,200 kilichojengwa kisiwani penye makutano ya mito, kilivamiwa na maji na watu wengi wakahamishwa. Mwaka uliofuata, Mei 2022, ikawa zamu ya mji wa Hay River, ulio penye mlango wa mto wa jina hilo hilo. Mto huo nao hutiririka kuelekea kaskazini na kuingia Ziwa Great Slave. Wakazi wote wa mji waliamriwa kuondoka.

DELTA: MAFURIKO NI ADUI AU MLEZI?

Baada ya kusoma hayo mtu aweza kusema kwamba ingekuwa heri mafuriko yasiwepo. Lakini na tuitazame delta kwanza.

Delta ya Mackenzie ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 13,000. Si matawi ya mto tu, bali pia ni maziwa madogo madogo zaidi ya 40,000. Mengi ya maziwa hayo hayaunganiki na mto siku zote. Yako juu kidogo, nyuma ya kingo za tope. Mvua huko ni chache, na katika kiangazi jua halitui kwa majuma mengi, hivyo maji ya maziwa hukauka kidogo kidogo. Kinachoyajaza tena ni mafuriko ya barafu. Maji ya kawaida ya kiangazi hayafiki kimo kile, ila maboma ya barafu ndiyo yanayoyainua mpaka yapite juu ya kingo. Pamoja na maji huja tope lenye rutuba. Majani huota, samaki huzaliana, ndege wa majini hutaga, na watu hupata mawindo.

Mto huleta na mambo mengine mawili. Huleta joto: maji yake huyeyusha barafu ya bahari penye mlango, na nyangumi weupe hukusanyika humo kila kiangazi, ambapo Wainuvialuit huwawinda tangu kale. Tena huleta magogo kutoka misitu ya kusini. Pwani ya Aktiki haioti miti, lakini wazee wa Kiinuvialuit walijenga nyumba zao kwa magogo yaliyoletwa na mto, wakazifunika kwa udongo na majani.

Mimi ni mzaliwa wa Rufiji, na jambo hili nililifahamu upesi kuliko mengine. Kwetu mafuriko ya Aprili 2024 yalichukua nyumba na mashamba, na hakuna aliyeyafurahia. Lakini wazee wetu hulima mlau, yaani hupanda mahindi na mboga katika udongo mbichi maji yakisha kupungua. Bibi yangu husema kwamba mwaka ambao mto haukutoka nje ni mwaka wa kununua unga. Sababu za mafuriko ya huku na ya kule hazifanani hata kidogo, lakini swali la mkulima wa bondeni na la mwindaji wa delta ni moja: nikae karibu na mto kiasi gani, nifaidi wema wake nisiuawe na hasira yake?

Mfano wa bonde lisilopata mafuriko ya kutosha upo katika bonde hili hili la Mackenzie, upande wa kusini. Mwaka 1968 bwawa la Bennett lilikamilika katika mto Peace kwa ajili ya umeme. Baadaye maziwa ya delta ya Peace na Athabasca, karibu na Fort Chipewyan, yalipungua maji, na wawindaji wakalalamika kwamba mawindo yao yametoweka. Katika miaka ya 1970 vilijengwa vizuizi vya mawe ili kuinua maji. Maziwa yaliyo chini yalinufaika, lakini yale yaliyo juu hayakufikiwa. Wataalamu wamejadiliana kwa muda mrefu ni sehemu gani ya hasara hiyo ililetwa na bwawa na ni ipi iliyoletwa na mabadiliko ya hali ya hewa. Kwa vyovyote tumejifunza kwamba mafuriko ya barafu yakikosekana si rahisi kuyatengeneza kwa mikono.

AKLAVIK NA INUVIK

Hapo zamani mji mkuu wa delta ulikuwa Aklavik, ulioanzishwa kama kituo cha biashara ya ngozi. Umekaa katikati ya matawi ya mto. Maji yaliingia mara kwa mara, na kingo zilimomonyoka. Chini ya nyumba ilikuwako ardhi iliyoganda daima, yaani udongo wenye barafu ndani yake isiyoyeyuka hata kiangazi. Udongo wa namna hiyo ukipata joto la nyumba hugeuka uji, na nyumba huinama.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Kanada iliamua kuuhamisha mji. Ilichagua mahali pa juu upande wa mashariki wa delta, ikajenga mji mpya wa Inuvik, uliofunguliwa rasmi mwaka 1961. Nyumba zake zilisimamishwa juu ya nguzo zilizopigwa ndani ya ardhi iliyoganda, ili upepo wa baridi upite chini na udongo usiyeyuke. Mabomba ya maji na ya taka yalipitishwa juu ya ardhi, ndani ya masanduku marefu yaliyokingwa na baridi. Kwa uhandisi ni kazi ya kusifiwa.

Lakini watu wengi wa Aklavik walikataa kuhama. Walisema kwamba mitego yao, samaki wao na makaburi yao yako pale. Wakachukua wito usemao: usikate tamaa kamwe. Aklavik ipo hata leo, na ina watu wapatao 600. Mwaka 2006 mafuriko yaliwatoa tena, na maji yalipopungua wakarudi. Waliofika Inuvik walipata hospitali, shule na uwanja wa ndege. Waliobaki Aklavik walibaki na mto. Mimi siwezi kusema kundi moja lilikuwa na akili na jingine halikuwa nayo. Kwetu pia, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, watu wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya mwinuko, na wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, wakilala katika madungu.

MAMBO YANAYOBADILIKA

Nchi za Aktiki zinapata joto upesi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia. Ardhi iliyoganda inayeyuka, na kingo za mto zinaporomoka mahali pengi. Katika kijiji cha Tuktoyaktuk, kilicho pwani mashariki ya delta, bahari inakula nchi kavu, na nyumba kadhaa za ukingoni zimehamishwa.

Hata maji yenyewe yameonyesha mambo mageni. Miaka miwili tu baada ya mafuriko ya Hay River, katika kiangazi cha 2024, mto Mackenzie ulipungua sana kwa sababu ya ukame. Matishari yanayopeleka mafuta na vyakula vijijini yalishindwa kufika Norman Wells, na mafuta yakabidi yaletwe kwa ndege, kwa gharama kubwa. Watu waliokuwa wakiuogopa mto kwa kujaa sasa wanauogopa pia kwa kupungua.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mkiitazama ramani msiishie kukariri jina, urefu na mlango wa mto. Ulizeni unatoka hali gani ya hewa na kwenda hali gani. Mara nyingi jibu la swali hilo litawaeleza kwa nini watu wa pale wanaishi kama wanavyoishi.

MASWALI KWA KIDATO CHA KWANZA NA CHA PILI

1. Mto Nile nao hutiririka kuelekea kaskazini. Kwa nini haupati mafuriko ya maboma ya barafu?

2. Tafuteni katika atlasi mito ya Ob, Yenisei na Lena katika Siberia. Inatiririka kuelekea wapi? Mnatazamia ipate mafuriko ya namna gani, na miezi gani?

3. Kwa nini barafu ya Mackenzie huvunjika mapema zaidi pale Fort Simpson kuliko karibu na Ziwa Great Slave, ingawa ziwa liko kusini zaidi?

4. Jifanye mzee wa Aklavik mwaka 1961. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwanao aliyehamia Inuvik, ukimweleza kwa nini unabaki au kwa nini unamfuata.